Mashahidi wa Mama wa Kambo

Ofisini walimwita Bi Ushahidi, na jina hilo alilitolea jasho. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza nani kasema, lini, na kama kuna mwingine aliyesikia. Alikuwa mhariri wa kamusi kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hakuwahi kuandika maana ya neno hata moja kutoka kichwani mwake. Kila neno lilikuwa na kadi zake. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu: juu neno lenyewe, chini sentensi ambayo mtu fulani aliisema au kuiandika, na pembeni jina la mtu huyo na tarehe. Kadi hizo zilijaa kwenye kabati la droo ndogondogo lililochukua ukuta mzima, kuanzia mlangoni hadi dirishani, na ole wako akuone unafunga droo kwa goti.

Upande wa pili wa meza hiyohiyo alikaa mhariri mkuu, mzee mwembamba mwenye kalamu nyekundu. Huyu walimwita Mzee Marufuku, kwa kuwa hilo ndilo neno alilopenda kuliandika pembeni mwa kurasa. Yeye aliamini kamusi ni sheria: watu wanasema ovyo, kamusi iwanyooshe. Bi Ushahidi aliamini kamusi ni kioo: watu wanasema wanavyosema, kamusi iwaonyeshe sura zao, chunusi na yote. Walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo tangu nywele zao zikiwa nyeusi, kila siku kabla ya chai, kisha chai yenyewe wakainywa kutoka birika moja.

"Mtu akienda kwa daktari," Mzee Marufuku husema, "anataka kuambiwa ale nini. Hataki kuandikiwa orodha ya alichokula jana."

"Na daktari asiyejua ulikula nini jana atakutibu kwa ramli?" Bi Ushahidi hujibu, na hapo mzee hutafuta sukari.

Basi ilikuwa Jumatatu, na kurasa za toleo jipya zilitakiwa kufika kiwanda cha uchapaji Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Wiki ya namna hiyo hata inzi haruhusiwi kuingia. Lakini mlango ulifunguliwa bila hodi, na akaingia mwanamke mnene wa wastani, aproni ameifunga kiunoni, mfuko wa aproni umejaa funguo zinazolia kila akipiga hatua. Kwapani alikuwa amebana kamusi.

"Nani hapa ndiye kamusi?" akauliza.

Mzee Marufuku alimtazama usoni, akaona kwamba huyu hakuja kuleta salamu, akanyoosha kalamu yake nyekundu kumwonyesha Bi Ushahidi.

"Karibu, dada," Bi Ushahidi akasema. "Kuna tatizo gani?"

"Mimi nachonga funguo, kibanda kile kinachotazamana na posta. Wananiita Mama Funguo." Akaifungua kamusi mahali alipokuwa ametia kipande cha gazeti, akaisukuma mezani. "Hebu nisomee hapa."

Bi Ushahidi hakuhitaji kusoma. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe katika mwaka wake wa pili kazini. Hata hivyo akasoma, maana mgeni alikuwa amesimama kama askari. "Mama wa kambo: mke wa baba asiyekuwa mama mzazi wa mtoto; aghalabu mkatili. Mfano: Mama wa kambo alimnyima yatima chakula."

"Sasa mimi," akasema Mama Funguo, "ndiye huyo."

Akaeleza, na hakuhitaji kiti. Binti yake alikuwa darasa la tano. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu, na mwaka uliofuata Mama Funguo akaolewa na baba mtu, fundi wa minara ya simu ambaye kazi yake ni safari leo hapa kesho kule. Kumwogesha, kumpeleka kliniki, kukesha naye akikohoa, kumfundisha kusoma kwa vibao vya maduka, yote yalikuwa juu yake, na hakuyahesabu kuwa mzigo. Wiki mbili zilizopita mwalimu alifundisha majina ya jamaa: shangazi, mjomba, wifi, shemeji. Kila mtoto akapewa jina moja alitafute kwenye kamusi na kulisoma mbele ya wenzake. Binti akaangukiwa na mama wa kambo.

"Akasimama, akasoma kwa sauti safi kabisa, maana nilimfundisha mwenyewe asikwame. Alipomaliza, darasa zima likageuka kumtazama. Si wanajua? Tangu siku hiyo akifungua kibweta chake cha chakula wanamuuliza, leo umepewa au umenyimwa?"

Mzee Marufuku aliweka kalamu chini.

"Nyumbani bado naitwa mama," mwanamke akaendelea, na sauti ikaanza kumpungua. "Lakini tukivuka kizingiti, sina jina. Njiani anatembea hatua kumi mbele yangu kama hatujuani. Wenzake wakitokea, ananiita 'yule'. Miaka minane, dada yangu. Sijawahi kumnyima mtoto yule hata kipande cha mkate. Nataka mnifutie hilo neno."

Moyo wa Bi Ushahidi ulimwuma, na hilo tuliseme wazi maana wako waliodhani hana. Lakini moyo ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine. Alikwenda kwenye kabati, akavuta droo, akarudi na kadi kumi na moja, akazipanga mezani kama mtu anayecheza karata.

"Tazama," akasema kwa upole. "Hii ni ya gazeti. Hii ni ya kesi mahakamani. Hizi nne ni za hadithi za watoto. Hii ni ya mchezo wa redio. Zote kumi na moja zinamsema vibaya. Mimi sikutunga. Watu ndivyo wanavyolitumia neno, na mimi ni kioo tu. Uso ukiwa na kovu, utanilaumu mimi?"

Mama Funguo alizisoma zote kumi na moja. Kisha akasema, "Mtu akiniletea kufuli isiyofunguka, simwambii ndivyo kufuli zilivyo. Naifungua nione ndani."

"Basi niletee ushahidi wa ndani. Watu watatu, wasiojuana, waliolitumia neno hili kwa wema. Andika walichosema, jina na tarehe. Wakiwa watatu, nabadilisha. Hiyo ndiyo kanuni yetu kwa kila neno. Lakini iwe kabla ya Ijumaa."

Akampa kadi tatu tupu. Mama Funguo akazitia mfukoni pamoja na funguo, akatoka huku zikilia kama njuga.

"Ungekuwa unafuata njia yangu," Mzee Marufuku akasema, "tungelifuta sasa hivi na mama wa watu akaenda zake."

"Tungefuta leo hili, kesho aje dalali afutiwe lake, keshokutwa mwizi. Kunywa chai."

Jumatano asubuhi mgeni akarudi, bila kelele safari hii. Akatoa kadi tatu. Mbili zilikuwa tupu vilevile. Ya tatu alikuwa ameiandika kwa herufi nadhifu: "Mama yangu wa kambo amenifungia nje tena, nichongee ufunguo wa siri." Kijana wa duka la baiskeli, Jumanne, saa nne.

"Hii inakuongezea wewe," akasema Mama Funguo kwa unyonge. "Lakini uliniambia niandike ninachosikia, nimeandika."

Bi Ushahidi akaipokea, na hakumbuki mara ya mwisho aliposhika kadi ikamtia haya. Mpinzani anayekuletea ushahidi dhidi yake mwenyewe si wa kukutana naye kila siku.

"Na wengine?"

"Siku mbili nimeuliza kila aliyekuja kibandani. Je, ulilelewa na mama wa kambo? Wote wananijibu, la, Mungu aliniepusha. Kuna mwalimu mstaafu mmoja akaniapia kabisa. Alipoondoka, muuza magazeti akacheka, akaniambia huyo mamake alifariki akimzaa, kalelewa na mke wa baba hadi akaoa. Sasa kwa nini amkane hadharani?"

Swali hilo lilimwingia Bi Ushahidi kama kijiwe kwenye kiatu. Kutwa nzima alifanya kazi nalo likimchoma. Mwalimu mstaafu si mtu wa kusema uongo kwa fundi wa funguo, hana faida nao. Alhamisi mchana, huku kurasa zikimngoja, alichukua daftari na kofia yake akamwambia Mzee Marufuku kwamba anakwenda kusikiliza.

"Leo? Kesho ni Ijumaa!"

"Ndiyo maana ni leo."

Kibanda cha Mama Funguo kilikuwa na upana wa kitanda. Mbele kaunta na mashine ya kuchongea, ukutani funguo mbichi, zisizochongwa bado, zimening'inia safu kwa safu, nyuma mlango mdogo na pazia. Bi Ushahidi akapewa stuli pembeni ya mashine, akafungua daftari. Kila baada ya dakika chache mashine ilipiga kelele na vumbi la shaba likamwangukia magotini.

Saa tisa na nusu watoto wa shule wakaanza kupita. Katikati yao akatokea msichana mwembamba mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Alipofika usawa wa kibanda, hakugeuza shingo. Akapita kama anapita mbele ya ukuta. Mama Funguo naye hakuinua macho kutoka kwenye mashine, na hapo ndipo Bi Ushahidi alipoona jinsi mtu anavyoweza kujizoesha kuumia. Dakika mbili baadaye pazia la nyuma likafunuka. Msichana alikuwa amezunguka nyuma ya maduka ili wenzake wasimwone.

Na pale ndani, jamani, mdomo ukafunguka kama bomba.

"Mama, nina kiu. Mama, leo hesabu nimepata zote isipokuwa moja. Mama, penseli yangu umeiona? Mama, huyu bibi ni nani? Shikamoo bibi. Mama, mbona ana vumbi?"

"Marahaba, mwanangu," Bi Ushahidi akasema, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukaanza kupiga mistari kwenye daftari. Kila "mama" mstari mmoja. Kufikia saa kumi na nusu alikuwa na mistari thelathini na nne. Mama wa kambo: sifuri.

Akasubiri hadi Mama Funguo alipotoka kumtafutia mteja chenji kwa jirani. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza watu wote. "Niambie, mwanangu. Mama yako wa kambo anakutunza vipi?"

Msichana akamtazama bila kuelewa. "Mimi sina mama wa kambo."

"Na huyu aliyetoka?"

"Huyu ni mama." Akainamia daftari lake la hesabu. Kisha akaongeza polepole, bila kuinua uso, "Mama wa kambo ni wale wa kwenye kamusi."

Bi Ushahidi alichukua kadi aiandike sentensi hiyo, maana sentensi ilikuwa nzuri na msemaji alikuwa hai. Kalamu ikagoma hewani. Aiweke droo gani? Kwenye droo ya "mama" kule ofisini kulikuwa na kadi zaidi ya mia tisa. Mama kanipikia, mama kaniombea, mama kanichapa kwa kuwa nilistahili. Ni wangapi kati ya hao mia tisa walisema habari za mwanamke ambaye hakuwazaa? Hakuna kadi iliyosema, wala isingeweza kusema. Mwanamke akiwa mbaya, mtoto humwita mama wa kambo, na kadi inakwenda kwenye droo yake. Akiwa mwema, anaitwa mama, na anapotelea kwenye droo ile kubwa bila alama yoyote. Neno lilikuwa limekusanya wabaya peke yao miaka yote hiyo, na yeye akasimama mbele yao akawaita umma.

Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, na Bi Ushahidi alikuwa na methali hiyo kwenye kadi, imepigwa muhuri, na hakuwahi kuisoma akijifikiria yeye. Miaka ishirini na miwili ya kuringa na kioo! Akajiona mjinga, tena mjinga mwenye kabati. Lakini tutasema kweli, pamoja na aibu alisikia na furaha, ile furaha ya mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaipata juu ya kichwa chake.

Ijumaa saa tatu asubuhi walikaa watu wanne kwenye meza ya ofisi kwa ukaguzi wa mwisho: Mzee Marufuku, Bi Ushahidi, kijana mpangaji wa kurasa ambaye wote walimwita Nukta kwa kupenda kumaliza mambo, na Mama Chai, mhudumu wa ofisi, ambaye hakuwa mjumbe wa kikao lakini hajawahi kukosa hata kimoja.

"Ukurasa wa mia mbili na themanini," Bi Ushahidi akasema. "Nataka kubadilisha mama wa kambo."

Mzee Marufuku akainua nyusi zote mbili. "Kadi ngapi?"

"Hakuna."

Nukta akaacha kutafuna kalamu. Mama Chai akasimamisha birika. Ungesema mwanamke amekiri kuua mtu.

"Hakuna?" mzee akarudia, na midomo ilianza kumtetemeka kwa raha. "Wewe? Nilipotaka kuondoa yale maneno ya mitaani mwaka juzi, ulinitaka kadi. Nilipotaka kuweka neno zuri la mashine ya kufulia, ukanitaka kadi. Leo kuku kaota meno!"

"Nicheke baadaye. Kwanza niwaulize swali moja. Nani hapa alilelewa na mama wa kambo?"

Wakatazamana. Nukta akatikisa kichwa. Mama Chai akasema, "Mungu apishe mbali." Mzee Marufuku akasema, "Hakuna. Tuendelee."

"Sawa. Sasa nani hapa alilelewa na mke wa baba yake ambaye hakumzaa?"

Kisha Mama Chai akaweka birika chini polepole, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi," akasema. "Lakini huyo ni mama yangu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Gauni langu la harusi alilishona kwa mkono, mshono kwa mshono, macho yake yakiwa tayari mabovu."

Bi Ushahidi akaitikia kwa kichwa. Hakumtazama mtu mwingine. Lakini Nukta alikuwa akitazama, na macho yake yalikuwa kwa mhariri mkuu, ambaye alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama aliingia nyumbani kwetu nikiwa na miaka minne," Mzee Marufuku akasema.

"Kwa hiyo alikuwa mama wa kambo," akasema Nukta, ambaye hakujua kunyamaza.

"Nani? Mama?" Mzee alipiga meza hadi vijiko vikaruka. "Ukimwita hivyo tena mbele yangu, tutakosana mimi na wewe! Mwanamke yule alini..."

Akakwama. Akavuta ukurasa wa mia mbili na themanini, akausoma kwa kidole, neno kwa neno, kana kwamba hajawahi kuuona. Aghalabu mkatili. Alimnyima yatima chakula.

"Nimeupitisha huu ukurasa matoleo matatu," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa wino wangu. Hapa pana saini yangu. Na siku zote hizo sikumkumbuka hata mara moja."

"Kwa sababu hakuwa humo," Bi Ushahidi akamwambia. "Wewe ulimtoa kwa kumwita mama. Na mimi nikawaandika waliobaki. Makosa ni yetu sote wawili, tena yangu makubwa zaidi, maana mimi ndiye niliyejisifu kwamba sikosei."

Mzee akapenga kamasi. Halafu, kwa kuwa alikuwa yeye, akashika kalamu nyekundu. "Basi andika hivi: mama wa kambo ni mama, na asiyekubali ni marufuku."

"Hiyo ni hotuba. Mimi nataka mfano, na mfano lazima utoke kinywani mwa mtu. Mwanamke yule alikufanya nini? Sema, na ulitaje neno lenyewe. Nina kadi hapa."

Haikuwa kazi nyepesi. Mzee yule aliyewanyoosha watu lugha miaka thelathini na mitano alianza mara tatu, na mara zote tatu akasema "mama" tu, akaishia hapo. Mama Chai akamtilia chai akamwongezea sukari bila kuulizwa. Mara ya nne akafumba macho.

"Mama yangu wa kambo," akasema, "alinibeba mgongoni kwenda shule nilipovunjika mguu. Miezi mitatu. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa mwepesi."

Bi Ushahidi akaandika, akatia tarehe. Mama Chai naye akalitaja neno, ikaandikwa kadi ya pili, ile ya gauni. Nukta akahesabu.

"Ni mbili," akasema. "Kanuni inataka tatu."

"Kanuni ni ya nani?"

"Yako."

"Basi naivunja mwenyewe. Andika. 'Mama wa kambo: mke wa baba anayemlea mtoto asiyemzaa.' Ongeza: 'Katika hadithi huonyeshwa kuwa mkali.' Hilo silifuti, hadithi zipo na watu wanazisimulia. Mfano weka wa mzee."

"Kwa hiyo leo wewe unaamua maana, na mimi nimegeuka shahidi," Mzee Marufuku akasema. "Nikifa leo nitakuwa nimeona kila kitu."

"Ukifa leo nani atapeleka kurasa kiwandani? Saa tano na robo hiyo."

Kamusi ilitoka baada ya miezi mitatu, nene, yenye harufu ya gundi. Bi Ushahidi alibeba nakala moja akaipeleka shuleni mwenyewe kama zawadi kwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa mtu muungwana. Jambo lile la zamani lilikuwa limemkera naye, na wiki hiyohiyo akayarudia majina ya jamaa, kila mtoto na neno lake. Nani alipewa mama wa kambo safari hii, hatukuambiwa.

Ijumaa ya wiki hiyo Bi Ushahidi akampitia Mama Funguo kibandani, wakaenda pamoja hadi getini kumngoja mtoto. Mama Funguo hakutaka. Alisema ataaibishwa mbele ya watu, bora amsubiri palepale kibandani apitie nyuma kama kawaida. Alikuja kwa kuvutwa mkono, na alipofika akasimama nyuma ya nguzo ya geti, nusu ya mwili imejificha, ameshika mfuko wa aproni ili funguo zisilie.

Kengele ikapigwa, watoto wakamwagika nje. Msichana akatokea na wenzake watatu, begi lile kubwa mgongoni. Akamwona mama yake nyuma ya nguzo. Akasimama. Mwenzake mmoja, mrefu, mwenye sauti ya kupenya, akafuata macho yake akanyoosha kidole.

"Huyo ndiye mama yako wa kambo?"

Mama Funguo akainamisha kichwa.

"Ndiyo," msichana akasema. "Kwani wewe hujasoma kamusi?"

Yule mrefu akafikiri kidogo. "Amewahi kukubeba mgongoni?"

"Mimi sijavunjika mguu." Akavuta mikanda ya begi, akapaza sauti hadi mlinzi wa geti akageuka. "Mama! Mama, mbona umejificha? Njoo unipokee begi, zito!"

Funguo zikalia kutoka nyuma ya nguzo hadi kwa mtoto. Bi Ushahidi alikuwa amefungua mdomo amweleze yule mtoto mrefu, kama alivyowaeleza watu miaka ishirini na miwili, kwamba kamusi haiamui lolote, kwamba huonyesha tu watu wanavyosema. Akaufunga mdomo wake, akamwacha aamini kuwa kamusi ni sheria.